Waya upimwe kabla ya sensa kuuzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye magari, na zaidi niseme na mafundi wenzangu, juu ya jambo linalowamalizia watu fedha na kuwaweka hatarini barabarani. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Tanga, na kwa miaka 17 sasa kazi yangu kubwa imekuwa kutafuta chanzo cha zile taa za onyo zinazowaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika. Magari mengi hunifikia yakiwa yameshapita gereji mbili au tatu, na mwenye gari huja na boksi la sensa alizobadilishiwa, yaani vile vifaa vidogo vinavyoipelekea kompyuta ya gari habari za joto, kasi na kadhalika. Nikizipima, mara nyingi hukuta ni nzima. Kilichoharibika ni waya unaoiunganisha sensa na kompyuta ya gari, na waya huo hakuna aliyeupima.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja wa sekondari mwenye Toyota iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambaye kila mwisho wa wiki hupanda Lushoto kuwaona wazazi wake. Anayeijua barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto anajua thamani ya breki: kona zinafuatana, upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni bonde, na mvua ikinyesha lami huteleza. Taa yake ya ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasifunge unapokanyaga breki ghafla, ilikuwa imewaka kwa miezi minne. Gereji ya kwanza ilimwambia sensa inayosoma kasi ya tairi la mbele kushoto imekufa, akanunua ya mtumba. Taa ikazimika siku mbili, ikarudi. Gereji ya pili ikamwambia ile ya mtumba ilikuwa mbovu tangu dukani, akanunua mpya. Ikazimika, ikarudi. Gereji ya tatu ikamshauri aizoee tu, kwa kuwa breki za kawaida bado zinafanya kazi.

Ni kweli breki za kawaida hubaki. Lakini ukizikanyaga ghafla kwenye lami yenye maji, matairi hufunga na kuserereka, na tairi lililofunga halifuati usukani. ABS ilitengenezwa kwa ajili ya sekunde hiyo. Na hapa niweke onyo kwa kila dereva: taa ya njano ya ABS ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, na hendibreki umeishusha, usiendelee na safari. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au kompyuta imepoteza hata uwezo wa kugawa nguvu ya breki kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, na gari la namna hiyo linaweza kugeuka mkia mbele pale unapofunga breki kwa nguvu.

Sikuanza na mashine. Toyota nyingi za miaka ile zina njia ya kusoma hitilafu bila mashine yoyote: unaunganisha kwa kipande kifupi cha waya matundu mawili ya soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, namba 4 na namba 13, unawasha swichi, kisha unahesabu jinsi taa ya ABS inavyomulika. Ya mwalimu ilimulika mara tatu, ikatulia kidogo, ikamulika mara mbili. Tatu na mbili ni 32, na 32 ni hitilafu kwenye mzunguko wa umeme wa sensa ya tairi la mbele kushoto. Gereji zilizonitangulia bila shaka zilisoma vile vile. Tulipoachana ni kwenye neno mzunguko. Sensa ni sehemu moja tu ya mzunguko huo. Nyingine ni soketi zake, nyaya mbili zinazopita ndani ya madigadi, tundu lenye mpira zinamoingilia kwenye bodi, na pini za kompyuta yenyewe. Katika gari hili waya wa madigadini ni kipande cha peke yake, hauji pamoja na sensa unapoinunua.

Nilichomoa soketi kwenye sensa nikapima ukinzani wake, nikapata omu 1,200 hivi, kiasi kinachofaa kabisa kwa sensa ya aina ile yenye sumaku na koili. Nikairudisha soketi, nikaenda kwenye kompyuta ya ABS, nikachomoa soketi yake kubwa na kupima pini mbili zinazotoka kwenye sensa hiyo hiyo. Mita ikaonyesha tena 1,200. Fundi mwenye haraka angeishia hapo na kusema waya ni mzima. Nikamwomba mwalimu aingie ndani akate usukani wote kulia, taratibu. Ulipokaribia mwisho, mita ikaruka na kuonyesha kwamba njia imekatika. Akarudisha usukani katikati, 1,200 ikarudi. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa hilo.

Tukafungua plastiki ya ndani ya madigadi. Ganda la waya lilikuwa zima, jeusi, bila hata mchubuko. Niliupitisha waya kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, polepole, kuanzia juu kwenda chini, mpaka nikafika mahali pafupi, kama nusu ya kidole, palipokuwa laini kuliko kwingine. Nikauvuta kidogo, na pale ganda likanyumbuka kama mpira wa manati, ilhali kwingine kote waya uligoma kuvutika. Nilimpa mwalimu naye auvute ajionee. Shaba ndani ilikuwa imekatika, na ncha zake mbili zilikuwa zikigusana gari likienda moja kwa moja na kuachana gari likikata kona. Sababu yake ilionekana wazi kwenye shokapu: kishikizo kinachoushika waya hakikuwapo. Shokapu zilibadilishwa mwaka jana, na aliyezibadilisha hakukirudisha, kwa hiyo waya ukaning'inia na kuvutwa kila usukani unapokatwa. Kila sensa ilipobadilishwa waya ulitikiswa, ncha zikagusana vizuri kwa muda, taa ikazimika, na gereji ikaamini kwamba imemaliza kazi.

Niongeze kwa mafundi vijana kwamba kipimo hiki cha omu si cha kila gari. Magari mengi ya karibuni yana sensa za tairi za kielektroniki, ambazo hupewa umeme na kompyuta na kuijibu kwa mkondo unaopanda na kushuka kati ya miliampea 7 na 14. Sensa hizo mita ya omu haikupi jibu la maana, na inaweza kuziharibu. Kwa gari la namna hiyo anza kwa kuangalia kama umeme wa kompyuta unafika kwenye soketi ya sensa; usipofika, sensa haina la kujibu.

Ningependa wasomaji waelewe kwa nini namba ya hitilafu hupotosha, maana hapo ndipo fedha zinapopotelea. Kompyuta ya gari haiioni sensa. Inachokiona ni umeme uliopo kwenye pini yake yenyewe, na ikiona volti ambazo hazielekei huandika namba na kuwasha taa. Iwe sensa imekufa, iwe waya umekatwa na panya, iwe soketi imeingia maji, kwenye pini ile mambo hayo matatu hufanana. Mashine inaposema P0118, kwa mfano, maana yake ni kwamba volti za mzunguko wa joto la maji ya injini ziko juu mno, jambo ambalo hutokea njia inapokatika mahali fulani. Yule fundi anayeitafsiri P0118 kuwa "sensa ya joto imekufa" ameongeza neno ambalo kompyuta haikulisema.

Kuhusu sensa hiyo ya joto nina jaribio ambalo humaliza ubishi kwa dakika tano. Njia ikikatika, mashine huonyesha kwamba injini ina nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapa Tanga, gari likiwa limeegeshwa juani saa saba mchana, namba hiyo peke yake inatosha kumwambia fundi kwamba kinachosomwa hapo si joto la maji. Chomoa soketi ya sensa, kisha unganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya huku ukiangalia mashine. Namba ikiruka kutoka 40 chini ya sifuri hadi juu ya 130, waya na kompyuta ni vizima, nenda kanunue sensa kwa moyo mweupe. Ikibaki pale pale, hata ukiweka sensa kumi taa haitazimika, kwa sababu tatizo liko kwenye waya, soketi au kompyuta. Jaribio hili ni la sensa za joto zenye nyaya mbili tu. Anayelifanya kwenye sensa ya nyaya tatu anaweza kuupiga shoti ule umeme wa volti 5 ambao kompyuta huutoa.

Umeme huo wa volti 5 una kisa chake. Katika magari mengi sensa kadhaa huchangia chanzo kimoja cha volti 5: ya pedali ya mafuta, ya mgandamizo wa hewa, wakati mwingine na ya gesi ya kiyoyozi. Waya mmoja wa volti hizo ukisuguana na chuma mpaka shaba ikagusa bodi, sensa zote zinazouchangia huanguka kwa mpigo, na mashine hutoa orodha ya namba tatu au nne. Nimeona mteja aliyeuziwa sensa tatu kwa siku moja kwa sababu ya orodha ya namna hiyo. Orodha ndefu inayotokea ghafla ni habari njema kwa fundi mwenye subira, maana sensa tatu hazifi pamoja asubuhi moja. Chomoa moja moja huku mita ikiwa kwenye waya wa volti 5; zikirudi ulipochomoa fulani, umempata. Zote zikiwa zimechomolewa na volti hazijarudi, fuata waya kwenye kila kona ya chuma unapopita.

Huku pwani tuna maadui wetu wa nyaya. Hewa ya chumvi huingia kwenye soketi ambayo mpira wake wa kuzuia maji umetolewa na kutupwa, na ndani ya miaka michache pini huota kutu ya kijani. Panya hupenda joto la injini usiku na hutafuna nyaya nyembamba kwanza. Wanaoosha injini kwa maji ya presha husukuma maji mahali ambapo mvua isingefika kamwe. Wanaofunga kengele za wizi na vifaa vya kufuatilia gari hukata na kuunga nyaya chini ya dashibodi kwa tepu tupu, na baada ya joto la miezi kadhaa gundi huyeyuka, tepu hufunguka na kiungo hubaki uchi. Na sisi mafundi tumo katika orodha hii. Tunatoboa ganda la waya kwa sindano ili tupime haraka, tunaondoka, na kwenye kitundu kile kidogo unyevu unaingia na kuila shaba kutoka ndani. Ukikuta waya mzima kwa nje lakini shaba yake ni nyeusi au kijani kwa urefu wa kiganja, tafuta kitundu cha sindano. Pima kwa kupenyeza pini nyuma ya soketi, waya uachwe na ganda lake.

Sasa kutengeneza kwenyewe. Kusokota ncha mbili kwa vidole na kuzungushia tepu kunaweza kuwafaa wenye redio, ila kwa waya wa sensa ni kuahirisha tatizo, kwa kuwa mkondo unaopita humo ni mdogo sana na kutu kidogo tu inatosha kuuvuruga. Kata waya nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Tumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba wenye unene ule ule, ambao kwa sensa nyingi ni milimita 0.5 za mraba au pungufu kidogo. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko. Vaa kwanza mpira wa kunywea kwa joto, ule wenye gundi ndani, halafu lehemu kwa risasi au bana kwa kibano chake na koleo lake, kisha upashe mpira joto mpaka gundi itokeze kwenye ncha zote mbili. Viungo vya nyaya mbili visikae sambamba. Na kama nyaya zilikuja zimesokotwa pamoja, kama zilivyo nyingi za ABS, zirudishe zimesokotwa, kwa sababu msokoto ule ndio unaozuia kelele za umeme wa injini zisiingie kwenye ishara.

Kuna sehemu ambazo nawasihi wenzangu wasizifanyie mazoea. Waya unaochezacheza karibu na tairi usilehemiwe katikati ya sehemu inayopinda, kwani risasi huufanya mgumu na utakatika pembeni mwa kiungo. Badilisha kipande chote na viungo uvipeleke sehemu zisizocheza. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hupata hewa yake ya kulinganishia kupitia nyaya zenyewe, kwa hiyo risasi na gundi karibu nayo vinaweza kuiziba pumzi. Hiyo hubanwa, hailehemiwi. Na nyaya za mifuko ya hewa (airbag), ambazo soketi zake kwa kawaida ni za njano, haziguswi kabla ya betri kuchomolewa na kusubiriwa muda aliouweka mtengenezaji, ambao kwa Toyota nyingi ni angalau sekunde 90, wala hazipimwi kwa mita ya kawaida, kwa sababu umeme mdogo tu wa mita unaweza kuulipua mfuko usoni mwa mtu.

Linaloniuma zaidi ya sensa kuuzwa bure ni taa kufichwa. Wapo wanaochomoa betri ili namba zifutike, mteja akaondoka akifurahi mpaka kesho yake. Wapo wanaotoa kitaa chenyewe au kukibandika tepu nyeusi kwa ndani. Na wapo wanaoiunganisha taa ya ABS na taa ya chaji ya betri, ambayo huzimika injini ikiwaka, ili ziwake na kuzimika pamoja, ili mnunuzi wa gari asishtuke. Hili la mwisho lina nia mbaya ndani yake, na wanaolifanya wanajua wanachokifanya. Anayenunua gari mkononi mwa mtu na afanye hivi: awashe swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya ABS na ya mifuko ya hewa, kama gari linazo, lazima ziwake. Ya ABS na ya mifuko ya hewa huzimika zenyewe baada ya sekunde chache, ya injini huzimika injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa imefichwa au imekufa, na inayosubiri taa ya chaji ndipo izimike nayo ina jambo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa askari wa usalama barabarani, ambao katika Wiki ya Nenda kwa Usalama hukagua magari na kuyapa stika. Tairi, taa za mbele na indiketa hukaguliwa. Naomba na swichi iwashwe, mkaguzi aangalie dashibodi kwa hizo sekunde chache. Haihitaji kifaa chochote.

La pili ni kwa wenye gereji, pamoja na mimi. Tusiuze sensa bila kuandika kwenye risiti kipimo kilichotufanya tuiuze: tulipima nini, wapi, tukapata ngapi, na waya tuliupima ukiwa umetulia na ukiwa unatikiswa. Mteja arudishiwe na kile kilichotolewa. Vyuo vya VETA vinafundisha kutumia mita, na vijana wanaotoka huko wanaijua. Wanachokosa wakifika kwetu ni bosi anayewaruhusu kutumia nusu saa kufuata waya wakati sensa iko dukani ng'ambo ya barabara na ina faida ya haraka. Nusu saa hiyo ilipiwe. Mimi naitoza waziwazi kama kazi ya kupima, na sijaona mteja aliyekataa akishaelezwa.

Kwenye risiti ya mwalimu niliandika: sensa ya mbele kushoto omu 1,200, nzima, waya umekatika ndani, njia inapotea usukani ukiwa kulia, waya mpya uliosokotwa sentimita 50, viungo vinne, kishikizo cha shokapu kimerudishwa. Sensa yake ya asili na ile ya mtumba nilizipima mbele yake, zote zikasoma vizuri, akaondoka nazo kwenye boksi. Jumatatu iliyofuata alinipigia simu kutoka shuleni. Alikuwa amepanda Lushoto na kushuka kwenye mvua, na taa haikuwaka.

Fundi umeme wa magari,
Tanga